Mkazi Mmoja Ana Jina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposahihisha insha ya utafiti nikakuta maneno ya mtu yamefungwa ndani ya alama za kunukuu pasipo jina la mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na siku hiyo nilimwona bibi yangu mzaa mama akisimama barazani mbele ya chifu kuyadai maneno yake. Nakuita mwanangu ingawa hatukupishana sana kwa umri. Aliyekufundisha ana haki hiyo. Nawe univumilie, maana naandika nikiwa na hasira.

Bibi yangu, Bi Mwanasiti, ni mtu wa Mwabungo. Miaka yote alichokoa pweza miambani siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali, na njia yake ya kwenda pwani ilikuwa ile nyembamba ipitayo kati ya kuta mbili za majumba ya kifahari. Mwaka ule wenye majumba walisimamisha lango katika njia hiyo, wakaweka na mlinzi, kisha wakaiomba serikali idhini ya kuifunga kabisa. Kwa mpita njia ni uchochoro tu. Kwa wanawake wa Mwabungo ilikuwa ndiyo kitoweo, ndiyo karo ya watoto.

Mwenzangu wa darasa, Hamisi, mzaliwa wa Bongwe, alichagua kuandika insha juu ya majumba hayo na majirani zake. Nikampeleka kwa bibi. Hamisi akaamkia kwa adabu, akakaa mkekani, akauliza: "Bibi, mwaonaje na hawa wenye majumba ya pwani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu, hatuna neno na mtu," bibi akajibu. "Ni majirani zetu, twaishi kwa wema."

Wewe ni mtu wa kwetu, wajua. Hakuna mzee wa huku atakayeulizwa hali akaanza na kidonda. Kwanza humshukuru Mungu, kisha humkirimu mgeni, ndipo hufunua la moyoni. Bibi akaleta chai na mihogo ya nazi. Hamisi akala mpaka bibi akamtania, "Kumbe huko Bongwe hawakulishi?" Kisha bibi akaiweka bilauri yake chini.

"Sasa nikwambie. Njia ile alipita mamangu, na nyanyake mamangu. Leo mlinzi, kijana niwezaye kumzaa, anidai kitambulisho. Nisimame nimngoje atafute ufunguo, na maji je, yatamngoja? Wakiifunga njia ile, wametufunga sisi."

Niliyasikia yote. Hamisi naye aliyasikia, kwani kila baada ya kauli aliitikia "naam".

Insha ilipotoka ilisifiwa sana. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: Wakazi wa Mwabungo hawana pingamizi, "hatuna neno na mtu," alisema mkazi mmoja. Basi. Mihogo ililiwa, malalamiko yakaachwa mkekani. Sidhani kama Hamisi alikuwa na nia mbaya. Alikuwa ameshaamua atakachoandika kabla hajavua viatu mlangoni, na alichofuata kwa bibi kilikuwa kauli moja ya kuipamba hoja yake. Wengi wenu mwafanya hivyo, na mwaiita kazi hiyo utafiti.

Chuo kiliiweka insha kwenye tovuti yake, na huko wenye majumba wakaiokota. Siku ya baraza msemaji wao, kijana nadhifu mwenye suti, akaisoma mbele ya watu. Bibi alikuwa ameketi na wanawake wenzake. Alipoisikia sentensi ile, akasimama.

"Maneno hayo umeyapata wapi, mwanangu?"

"Ni utafiti wa chuo, mama. Ni maneno ya mkazi mmoja."

"Mkazi mmoja ana jina. Ndiye mimi."

Wanawake wakaangua kicheko, na mmoja akadakia, "Haya, msomeeni tena, hajajisikia vizuri." Msemaji akajibu kwamba yeye anafuata lililoandikwa.

"Limeandikwa," bibi akasema, "na kinywa lilikotoka ni hiki, hakijahama. Nimeulizwa hali, nikajibu kiungwana. Huyo mwandishi wenu amesikia 'karibu' ya mlangoni, akaenda kuwaeleza watu nyumba yangu ilivyo ndani."

Chifu hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa, akasema karatasi ile imekwisha kupelekwa ofisi za serikali Kwale pamoja na ombi, na mpaka shauri lisikilizwe lango litafungwa, asipite mtu. Hivyo ndivyo neno la heshima la mwanamke mmoja lilivyogeuzwa komeo la kumfungia yeye mwenyewe.

Hamisi alikuwa nyuma ya watu. Alitufuata mpaka nje, mikono kaifumbata.

"Nisamehe, bibi. Lakini sikusema uongo. Kila neno ulilisema wewe."

Bibi hakupandisha sauti. "Mtu akianza shahada, akasema 'hapana Mola' akaikatia hapo, kila neno alilolitamka limo ndani ya shahada. Nambie, huyo amesilimu ama amekufuru? Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walimwachia kwa kuwa hufikisha alichopewa. Wewe nilikutwika mzigo mzima, ukaenda kufikisha kamba."

Nataka uamini kwamba Hamisi alitengeneza alichokiharibu. Alirudi Mwabungo, akamsomea bibi maneno yake yote, akamwomba idhini ya kutaja jina, akaiandika insha upya na kuipeleka mwenyewe Kwale. Shauri lilisikilizwa, na lango likaondolewa. Lakini misimu ilikuwa imepita. Wanawake walizunguka njia ya mbali, na aliyeshindwa kuzunguka akakaa nyumbani. Njia ilipofunguliwa, magoti ya bibi yalikuwa yameshaagana na miamba. Wengine wapita, yeye hapiti tena. Maji yakimwagika hayazoleki, hata kwa kuomba radhi.

Ndiyo maana sicheki unaponiambia, "Mwalimu, ni marejeo tu." Juma hili nimesahihisha insha iliyotaja vitabu ambavyo hakuna aliyepata kuviandika, mtambo wa kwenye simu ulivibuni, na mwanafunzi akavipanga mwishoni bila haya. Mwingine amenakili kurasa nzima za mtu akazivisha jina lake. Wazee wetu, uniwie radhi kwa neno, walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilipomwita akaniuliza, "Kwani nani atajua?" Swali hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Kana kwamba wizi ni dhambi ukionekana tu.

Basi nisikilize, mwanangu. Alama za kunukuu ni kiapo: kilicho ndani yake ni maneno ya mtu kama alivyoyatamka au kuyaandika. Ukikata, weka nukta tatu msomaji aone pengo, na ujiulize kama maana bado imesimama kwa miguu yake. Ukitaka kuyasema kwa lugha yako, yaseme, lakini mtaje uliyemsikia au kumsoma, kwani kubadili maneno hakukupi umiliki wa fikira. Taja kitabu ulichokishika na ukurasa ulioufungua; kama umekiona kupitia kwa mwingine, sema hivyo, si aibu. Mzee akikupa wakati wake, mwombe idhini, andika jina lake na mahali na siku mliyozungumza, kisha umsomee ulichoandika kabla hajakisoma mwingine. Asipotaka jina lake litajwe, lifiche kwa ajili ya usalama wake, kuficha huko kusiwe pazia la uvivu wako. Na neno linaloipinga hoja yako ndilo la kwanza kulinukuu, maana huenda ndilo ulilotumwa kulifikisha.

Hayo hayana uhusiano na alama nitakazokupa. Watu wetu wamenyang'anywa mengi kwa karatasi zilizoandikwa na wasiowajua. Isiwe sasa wananyang'anywa kwa mkono wa watoto wao waliowapeleka chuo.

Mwenyezi Mungu akupe kalamu yenye haya na sikio lenye subira. Akukinge na sifa usizozitolea jasho. Na siku utakapoulizwa wewe, ukiwa mzee, akujaalie kijana atakayengoja mpaka umalize kusema.