Vyuma vya Kushikia

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika chuo kimoja cha Arua, nikifundisha ustawi wa jamii, na ndani ya somo hilo nikifundisha kile ambacho wanafunzi hukikimbia: utunzaji wa wazee. Vijana hupenda kufanya kazi na watoto au na wakimbizi, kwa sababu huko kuna magari na miradi. Wazee hawana mradi. Wana magoti, wana usahaulifu, wana vidonda vya kulalia upande mmoja, na wana mchana mrefu usiokwisha. Nimeyasema haya darasani hata sauti yangu mwenyewe imenichosha.

Mama yangu, mjane wa askari, aliishi Koboko, karibu na mpaka, katika boma la kaka yangu. Aliyemtunza hakuwa kaka yangu bali mke wake. Ndivyo ilivyo kwetu: mzee hubaki kwa mtoto wa kiume, na mikono inayomwosha ni ya mwanamke aliyeletwa na ndoa. Wifi alimwosha, akamlisha, na baada ya nyonga ya Mama kuvunjika akambeba, mpaka mgongo wake mwenyewe ukakataa. Jumamosi moja nilimkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka barazani. Hakuinuka kunisalimu.

"Karibu, wifi," alisema, shavu likiwa limebanwa na mkeka. "Weye iko profesa ya wazee. Leo iko wazee mbili hapa. Chagua moja."

Tulicheka. Kicheko kilipokwisha akasema, "Mimi hapana weza tena. Hii hapana hasira, wifi. Nikiinua yeye, sisi wote tutaanguka."

Kaka yangu alikuwa kwenye biashara zake mpakani, na hakukuwa na mtu mwingine. Nisingemchukua Mama, hakungekuwa na wa kumwinua.

Nilirudi Arua nikaandaa nyumba kama ninavyowafundisha wengine waandae. Fundi alifunga vyuma vya kushikia bafuni, kimoja kando ya choo, kingine chini ya bomba la kuogea. Ngazi ya mlangoni tuliifanya mteremko wa zege. Chumba walichokiacha watoto nilikitandika upya. Mume wangu, mtu wa Dadamu, nje kidogo ya mji, asiye na maneno mengi, alivishika vile vyuma akavitikisa.

"Umemwuliza mama yako?"

"Ugonjwa hulegeza mila," nilimjibu.

Maana kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hali chakula mbele yake, wala haogi mahali anapooga yeye. Wakielekea kukutana njiani, mmoja hupisha na kutazama pembeni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine. Nilikulia ndani ya mwiko huu kama mtu anavyokulia katika nyumba yenye mlango mfupi: huinama bila kufikiri. Lakini katika kazi yangu nilikuwa nimewaona wazee wengi wakiyakubali mambo ambayo wangeyakataa wakiwa na nguvu, nikaamini kwamba mfupa uliovunjika una hoja nzito kuliko desturi.

Tulimleta kwa gari la kukodi. Mume wangu alikuwa ameondoka makusudi kwenda shambani Dadamu. Mimi na dereva tulimbeba Mama mpaka mlangoni, na hapo akashika fremu kwa mikono miwili, kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi.

"Hii nyumba, mukwe analala ndani?"

"Chumba cha mwisho kule, Mama. Wewe utakuwa huku. Hata hamtaonana."

"Na anaoga wapi?"

Nilitazama upande wa bafuni.

"Binti yangu, weye ulisoma mpaka macho ikaisha, sasa wataka mimi niweke makalio pahali mukwe anaweka yake?"

Dereva aligeuza uso. Nikajaribu dini, kwa kuwa Mama huswali hata akiwa amelala. "Dini inaruhusu, Mama. Mkwe ni kama mwana wako."

"Dini inaruhusu. Aibu hapana ruhusu. Rudisha mimi Koboko."

Tulimketisha kwenye kiti pale uani. Mimi nikakaa chini, kwenye mteremko wa zege ambao nilikuwa nimeuonea fahari asubuhi ile. Kumrudisha Koboko kulikuwa kumrudisha kwa mwanamke asiyeweza kuinuka mkekani. Kumlazimisha nisingeweza, kwani huwaambia wanafunzi kwamba mzee anayelazimishwa huacha kula.

Baada ya muda Mama alinyoosha kidevu kuelekea jikoni. Jiko letu limesimama peke yake nyuma ya nyumba: matofali, paa la nyasi, masizi ya miaka.

"Ile iko ya nani?"

"Yangu."

"Bwana yako anaingia?"

Anaingia, ningesema. Kila jioni huketi humo kwenye kigoda chake nikipika, na hapo ndipo tumezungumza karibu kila jambo tulilowahi kuzungumza. Nilimtazama Mama, mguu wake umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hataingia tena," nikasema.

"Basi peleka mimi kwa nyumba yako."

Niliona aibu ya namna nyingine. Nilimwaza mwenzangu wa kazini akipita kunisalimu na kumkuta mama wa mtaalamu wa wazee amelazwa penye mafiga. Hata hivyo nilihamishia sigiri ya makaa nje, chini ya kipande cha bati kando ya jiko, nikafagia, nikaingiza kitanda.

Mume wangu aliporudi nilimweleza getini. Alichukua spana, akaingia bafuni, akafungua vyuma vyote, akavilaza nje ya jiko, akakohoa ili Mama ajue kuna mtu, akaondoka. Kesho yake fundi alikifunga kimoja kando ya mlango wa jiko, na kingine katika kibanda cha zamani cha kuogea kilichokuwa nyuma yake. Kigoda nilikitoa mimi mwenyewe.

Sasa humwinua Mama kabla ya kwenda kufundisha, na mchana jirani mmoja hukaa naye. Jioni humwosha, nikamgeuza, nikapika chini ya bati. Mume wangu huketi upande wa pili wa ukuta wa jiko, Mama asikomwona.

"Mwulize Mama kama mguu umepoa," husema, kwa sauti ambayo Mama anaisikia vizuri kabisa.

"Mwambie iko afadhali," Mama hujibu kabla sijafungua mdomo. "Mwambie vyuma iko mzuri. Mukwe amekula?"

"Amekula, Mama."

"Na weye?"

Juzi aliponiuliza hivyo nilikuwa nimekaa kizingitini, kati ya sauti zao mbili, mkono umeshika chuma kile ili niweze kuinuka. Niliona afadhali nikae kidogo kwanza.

"Nitakula," nikasema.