Viriba Alivyokula Ndama

Mnisamehe kwanza mwandiko huu na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa polepole.

Nina kitalu cha miche ya paini karibu na Nyololo. Mama alipokwenda Mbeya kulea wajukuu, tulibaki wawili, mimi na ng'ombe wake. Mbele ya watu maneno hunikauka, lakini yule ng'ombe nilikuwa nikiongea naye wakati wa kumwagilia. Akafa. Mchinjaji alipompasua alitoa tumboni bonge la viriba vya nailoni, vile vifuko vya kuoteshea miche tunavyochana na kuvitupa tukishapanda.

Shangazi yangu wa Kilolo alikuwa na ndama. Nikamwomba.

"Nitakupa, baba," akasema. "Lakini siku nailoni itakapokwisha hapo kwako."

Ndipo nikaanza kutengeneza viriba vya wanga, kama nilivyoona kwenye simu. Nilikwangua viazi, nikakamua, wanga ukatuama. Nikaupika na maji, siki na glisirini ya kupaka, nikautandaza juu ya bati. Ulipokauka, upepo wa baridi ukaupasua kama tope la dimbwi lililokauka. Nikaongeza mafuta ya alizeti, yakaelea. Mwishowe niliyakoroga kwanza na sabuni kidogo iliyoyeyushwa, yakakubali kuchanganyika. Kiriba kikakunjika bila kuvunjika, na maji hayakukilainisha upesi.

Nikatengeneza vingine, nikahamishia miche humo. Shangazi alikuja, akakijaza kimoja udongo, akakimwagia maji, akakinyanyua. Akaniachia ndama.

Haikupita wiki. Asubuhi nilikuta miche imelala chini, mizizi nje, na ndama anajilamba midomo. Mstari mzima wa viriba umeliwa. Jirani akachungulia uani.

"Kumbe umemfungulia mgahawa," akasema. "Tena chipsi za alizeti."

Nilishinda na ndama nikimpapasa tumbo, nikingoja livimbe. Halikuvimba. Jioni akacheua, nami nikapata hamu ya kula.

Nilimpigia shangazi simu mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa jirani.

"Mvua zikikukuta huna viriba, utarudia nailoni," akasema. "Nakujua. Ukirudia, nitakuja kumchukua ndama."

Nikaagiza mafuta ya mwarobaini kutoka Ruaha Mbuyuni, maana huku kwenye baridi mti huo haustawi, nikayatia kwenye wanga ili uchungu wake umfukuze ndama. Ndama alinusa kiriba kipya, akapiga chafya, akaondoka. Nilicheka peke yangu. Lakini viriba hivyo vilipokauka vikapasuka. Nikipunguza mwarobaini, anakula, nikizidisha, vinapasuka.

Mvua haziko mbali. Ndama sasa namfunga kamba nyuma ya nyumba, na akisikia namwagilia, hulia. Kama unajua mafuta mengine machungu ya mmea, au namna ya kuyachanganya haya na wanga yasiupasue, niandikie kupitia waliochapa maneno haya. Hata kama hujui, niandikie tu. Nitajibu, ila polepole.