Wimbo Uliotoka Ukumbini Bila Jibu Lake

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alikufa huko kwetu karibu na Asumbi, na matanga yalipokwisha nikatolewa shule. Darasa la tatu. Mjomba wangu alinipeleka Masara kwenye dhahabu, akanifunga kamba kiunoni, akanishusha shimoni kwa sababu nilikuwa mwembamba na watu wazima walikuwa hawapiti. Sikulia. Aliyelia alirudishwa nyumbani, na kwangu mimi nyumbani hakukuwa na kitu cha kurudia.

Nasema hivyo mapema ili unayesoma ujue maneno haya ni ya nani. Sikurithi ng'ombe. Sikupewa kazi na mbunge. Kiswahili changu nilikiokota kwa wauza vyuma na makondakta, nikakisugua mwenyewe mpaka kikang'aa kidogo. Ukikuta kosa, lipite.

Nilioa, nikajenga Uriri, tukapata wavulana wawili na msichana mmoja, kitinda mimba. Masara nililala siku nyingi kuliko kwangu. Sikatai. Jiwe la dhahabu halimfuati mtu nyumbani kama mbwa. Wavulana walisoma, msichana akasoma zaidi, shule ya bweni, sare safi, blanketi jipya. Huko akajifunza kuimba. Alipomaliza hakutaka ualimu wala uuguzi. Alijiunga na vijana wenzake mjini Homa Bay, wakawa wanatunga michezo ya jukwaani ambayo watu wake, badala ya kusema, wanaimba. Mtu akiudhika anaimba. Akitaka kufa pia anaimba kwanza. Mimi nilidhani ni kwaya.

Siku ya kuonyesha mchezo alitualika mimi na mama yake. Tulikaa mbele kabisa, kwenye viti vya plastiki, mimi nimevaa koti langu la kuendea harusi. Pazia likavutwa. Nikaona mafiga, mama mmoja anapepeta mahindi, na binti yangu mwenyewe amesimama katikati. Nyuma yao kulikuwa na shimo la magunia, na kijana mmoja aliyefunga taa kichwani, ndiye baba, anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, haongei na mtu.

Binti yangu akaimba. Kwetu Wajaluo mke wa kwanza ni mikayi na wa pili ni nyachira. Hata uoe kumi, mikayi ni mikayi, na nyumba yake ndiyo inayotazama lango la boma. Sasa maneno yenyewe yalikuwa haya:

Baba ana wake wawili,
shimo ni mikayi, mama ni nyachira.
Shimo halipiki, shimo halizai,
na baba analala kwake.

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mtu nyuma yangu alipiga makofi mpaka nikasikia upepo wa mikono yake shingoni. Nilitaka kuinuka. Mke wangu akanifinya paja.

"Tulia, mzee. Haijaisha."

Kweli haikuwa imeisha. Mbele kidogo katika mchezo shimo likaporomoka. Wanakijiji wakamvuta yule baba kwa kamba, mweupe kwa vumbi, na binti akapiga magoti kando yake. Ndipo yule baba, ambaye tangu mwanzo hakuwa ametoa sauti, akaimba polepole, bila ngoma:

Shimo halina nyumba bomani mwangu.
Inayotazama lango ni ya mama yako.
Nilishuka ili wewe upande,
nikachelewa kupanda mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alivua kitambaa cha kichwani, akajifuta uso, kisha akanipa mimi bila kunitazama. Sijawahi kushukuriwa namna ile maishani mwangu. Nilitoka ukumbini nikiwa mrefu.

Lakini jamaa mmoja mwenye studio Migori alikuwa ndani ya ukumbi huohuo. Alimwita binti yangu, akauchukua wimbo wa kwanza, akautia gitaa na ngoma za kompyuta. Jibu aliliacha. Kabla mahindi hayajakauka shambani wimbo ulikuwa umefika kila mahali. Bodaboda wanapita nao, vinyozi wanakatia watu nywele nao, bibi arusi anaingia kanisani kwa kwaya na kutoka kwa shimo ni mikayi. Watu ambao hawajawahi kuingia ukumbi wowote waliujua wimbo wote, na hawakujua kwamba baada yake kuna mtu anatolewa chini ya ardhi.

Na kila mtu Suna nzima, huku kwetu Migori, alijua baba wa mwimbaji ni nani.

Mwanzoni niliupokea kwa meno nje. Kuna mfanyabiashara Mwislamu, mtu wa pwani, ananiuzia sululu na nyaya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Nikiingia dukani anapaza sauti, "Karibu mzee wangu! Mke mkubwa hajambo?"

"Hajambo. Amenitafunia sululu nyingine, nipe mpya."

"Huyo mke ana meno! Wa kwangu anatafuna pesa tu."

Tunacheka. Yeye alikuwa rafiki, ana haki. Baadaye wakaanza nisiowajua. Siku moja kwenye baraza la chifu nilisimama kusema juu ya maji ya kisima, kwa sababu mimi ndiye niliyekichimba. Kabla sijafika sentensi ya pili, vijana wa nyuma walianza kupiga mluzi wa ule wimbo. Chifu aliinamisha kofia ili asionekane akicheka. Nilimaliza maneno yangu, nikaketi, na maji hayakujadiliwa. Miaka yote kabla ya hapo nikisimama barazani, watu walikuwa wananyamazisha watoto.

Mke wangu naye sokoni wakamwita nyachira. Aliwajibu, "Nyachira anakula samaki mbuta mzima, nyinyi mikayi mnakula nini?" Alikuwa na ulimi yule mama. Ila akirudi nyumbani aliweka kikapu chini, akaniuliza kana kwamba mimi ndiye mwenye studio, "Lakini lile jibu walilitupa wapi?"

Nilikwenda Homa Bay kumuuliza binti. Anakaa chumba cha kupanga juu ya ziwa, jiko la gesi, gitaa kitandani. Alinipikia chai nzito kama ninavyopenda. Nikamwambia, "Nyara, mwanangu, rekodi lile jibu. Nitakulipia studio."

"Baba, tulilirekodi. Yule kijana aliyeigiza baba aliliimba kabla hajaenda Uarabuni kulinda maduka. Tukaliweka kwenye simu, watu wakalisikiliza kidogo wakapita. Halichezeki."

"Kwa hiyo watu wanaweza kucheza mtu akitukanwa, ila akijieleza hawawezi."

"Sikukutukana, baba. Kwenye mchezo yule baba hana jina."

"Ukumbini hana. Kule Migori analo."

Akaanza kulia, na mimi machozi ya watoto wangu sikuyatafuta shimoni. Nikanywa chai. Akasema, "Nikiacha kuuimba leo, bado utaimbwa. Si wangu tena. Mimi mwenyewe ukumbini hapa nikiwaambia ngojeni, kuna sehemu ya pili, wananipigia kelele nirudie ya kwanza."

Sikumkasirikia, niandike hivyo wazi. Aliutengeneza wimbo ukiwa na mguu wa kushoto na wa kulia. Watu ndio waliokata mmoja.

Kitu kilichoninyima usingizi si mluzi wa barazani. Kwetu mtu hazikwi kimya. Bendi inakuja, watu wanakula, wanacheza, na wimbo unaopigwa siku ile ndio jina utakalobaki nalo. Wajukuu wanakujua kwa huo. Nikajua wangu umeshachaguliwa nikiwa hai. Nilitaka kitu kimoja tu, jibu lisikike na watu, wazi, walijue, kabla sijawekwa chini. Nikafikiri nina muda.

Aliyetangulia ni mke wangu. Sukari ilimla mguu, ikapanda. Tulimzika Uriri mchana, watu wengi, na baada ya chakula mpiga gitaa akafungua vyombo vyake chini ya hema. Nyimbo mbili tatu za heshima, halafu nikasikia kidole chake kinatafuta ule mdundo. Waombolezaji wakainuka na vijiti vyao vya kuchezea. Wimbo wa kumwita mke wangu nyachira, kaburi lake bado bichi.

Kwetu mpiga gitaa husimamishwa. Ukiweka noti mbele yake anakata wimbo, anakupa kipaza sauti, unajisifu, unasifu wako, watu wanaitikia, kisha wimbo unaendelea. Tunaita pakruok. Nimeifanya mara nyingi kwenye sherehe za watu, nikijiita mwamba wa Masara, meno ya ardhi, na kadhalika. Sasa nikainuka, nikaweka noti, gitaa likanyamaza.

"Jaduong' anataka kujisifu!" mpiga gitaa akatangaza. "Mpisheni mzee!"

Sikujisifu. Niliimba lile jibu. Shimo halina nyumba bomani mwangu. Sauti yangu si ya kuimba, kifua changu kimejaa vumbi la mawe, daktari aliniambia halitoki. Lakini mstari wa kwanza ulitoka, na waliokuwa wameinuka wakashusha vijiti. Nilimwona binti yangu mbele, amevaa nguo nyeusi, midomo yake inaenda pamoja na yangu. Mstari wa pili ukatoka, nikiangalia kaburi. Nilipofika kwenye mstari wa nilishuka ili wewe upande, kikohozi kikanishika. Hakikuniachia. Nilikohoa nikiwa nimeshika kipaza sauti, na kila kikohozi kikatoka kwenye spika mpaka barabarani.

Shemeji mmoja, ameshakunywa, akapaza sauti, "Ongeza, bwana wa shimo! Mke mkubwa anaona wivu!"

Wakacheka. Si wote, lakini kicheko hakihitaji wote. Simu zikainuliwa. Binti yangu akaja mbio, akashika kipaza sauti, akaanza mstari wa mwisho mwenyewe. Mpiga gitaa, nadhani alitaka kuniondolea aibu, akarudisha mdundo kwa nguvu, na watu wakaupokea kama walivyozoea. Shimo ni mikayi! Shimo ni mikayi! Binti yangu alikuwa anaimba jibu, nilimwona akiliimba. Hakuna aliyelisikia, hata mimi niliyesimama naye.

Wiki chache baadaye jamaa wa studio alitoa wimbo upya. Unaanza na mzee anayekohoa. Wamekipanga kikohozi changu kiende na ngoma, kh-kh, kh-kh, halafu gitaa linaingia. Binti alipiga simu akilia, akasema hakujua, amegombana na yule jamaa, hataingia tena studio ile. Najua hakujua. Watu wanasema huu wa pili ni mtamu kuliko wa kwanza. Watoto wa shule wakiniona wanakohoa.

Nilikwenda Migori kununua misumari. Redio ya yule rafiki yangu wa vyuma ilikuwa inalia kikohozi changu. Aliponiona aliizima. Hakuniuliza hali ya mke mkubwa. Alinivutia kiti, akanifutia vumbi, akaniagizia chai, akanipimia misumari kwa upole kama anayempimia mgonjwa. Nilikaa kwenye kiti kile nikajua nimekwisha. Mtu akikutania bado anakuogopa kidogo.

Mwaka huu niliwaita wavulana wangu wawili. Nikawaambia siku yangu sitaki bendi wala gitaa wala spika. Mkubwa akatazama viatu vyake.

"Baba, tukuzike kimya kama mtu aliyejitia kitanzi? Watu watasema nini?"

"Waseme."

Mdogo, ambaye tangu utoto husema ukweli mbele ya kila mtu, akasema, "Hata tukikataa bendi, watu watakuja na simu mfukoni. Tutawapekua waombolezaji?"

Nikawaruhusu waende. Nimekesha shimoni maji yakiwa shingoni, nimetolewa mara mbili chini ya udongo, na kila mara kulikuwa na kamba mahali fulani. Hapa nimepapasa kote. Nimeandika jibu hapa kwa mkono wangu, mistari yote minne, lakini maandishi hayana sauti, na watu wa kwetu hawazikani kwa karatasi.

Jina limekwenda na wimbo. Ninachomiliki leo ni hiki: shamba Uriri lenye hati. Nyumba ya matofali, mabati ya kijani. Nyumba ya mke wangu, inatazama lango, imefungwa. Vyumba sita vya kupangisha Migori, kimoja kinavuja. Mashine mbili za kusaga mawe Masara, moja imekufa injini. Kisima. Ng'ombe saba na dume jeusi lisilokubali jembe. Koti moja. Wavulana wawili na msichana, wote wazima. Pampu ya maji, ya mkopo wa kikundi, imebaki kidogo kuwa yangu.