Koti Jekundu la Fundi

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni fundi pikipiki wa Morogoro, ingawa hapa ughaibuni, Burnsville, nafunga maboksi ghalani. Jumamosi jirani yangu Sudi, kijana wa Mombasa, alinipeleka nikamwone akishindana mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo. Asubuhi alianguka, mchana mnyororo ukakatika, lakini fainali aliingia, tena akaongoza!

Nikaona kitu. Kila kona Sudi anashusha mguu wa kushoto, anauburuta chini. Kwetu dereva akiburuta mguu, ujue breki zimekufa. Nikavua koti langu jekundu, nikapanda uzio, nikalipunga kwa nguvu zote: “Sudi! Breki!”

Waamuzi kuona kitu chekundu, nao wakainua bendera nyekundu. Mbio zikakatizwa. Pikipiki ya Sudi ikasimama mbele yangu, taratibu kabisa.

“Ami, nilikuwa naongoza!”

“Nimekuokoa, mwanangu. Breki zako zimekufa.”

Akainua kiatu cha kushoto. Chini kimefungwa chuma cha kuburutia mguu kwenye kona. Kisha akageuka kuwatazama wenzake waliosimama nyuma yake wakinikodolea macho, kila mmoja na chuma chake.

“Na hawa wote, fundi, breki zao pia zimekufa?”