Mizani Iliyoibwa, Ndani ya Tableti

Binti yangu aliniletea tableti yake jikoni nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Anasoma uuguzi hapa mtaani Kasuku, mjini Kindu, kwenye chuo kikuu kinachojitapa siku hizi kwamba masomo yote yako mu tableti: profesa yuko kwenye video, wanafunzi wananakili, mtihani unabonyezwa palepale.

"Mama, sikia hii," akasema. "Kesho njo mtihani. Nikianguka tena, narudia mwaka."

Profesa, tai shingoni, alikuwa anasoma imla, hata mkato na nukta anazitaja: "Dawa ya malaria, mtoto anapewa kwa kuangalia umri wake, mkato, kwa sababu mizani imeibwa, nukta."

Mchi ukanitoka mkononi. Maneno yale ni yangu mimi!

Wakati wa vita, njia za kuingia Kindu zilipofungwa, mwalimu wetu wa uuguzi alikwama mbali, tukabaki na daftari lake moja tu. Mwandiko wake niliuzoea, basi mimi nilisoma, wenzangu wakaandika. Askari walikuwa wamebeba hata mizani ya wodi ya watoto. Nilipofika pale palipoandikwa mtoto apimwe uzito kwanza, nikaweka neno langu, umri, kwa sababu mizani imeibwa, la kutuvusha siku zile tu. Kwetu imla haichujwi: kinachotoka mdomoni kinaingia daftarini. Wenzangu wale wakaja kuwa walimu, nao wakawasomea wengine.

Miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyejiuliza, mizani ipi? Iliibwa na nani? Wamenunua kamera, wamefunga sola paani, halafu wanawanywesha watoto wetu maji machafu yaleyale kwa kikombe kipya. Aka!

Nikapanda pikipiki hadi chuoni. Msaidizi wa profesa alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mama. Lakini jibu limeshaingia mu mashini. Mwanafunzi akibonyeza uzito, mashini inamukatalia."

"Na mutoto mwenye malaria, mashini njo itamutibu?"

Akanishauri nimwandikie barua rekta, mkuu wa chuo.

Nilirudi nikitema mate njia nzima. Binti alikuwa ananingoja mlangoni. "Mama, nibonyeze nini? Uzito ao umri?"

Najua mtu mwenye heshima zake angejibu nini. Mimi niliwaza mwaka mwingine mzima mbele ya video ileile.

"Kesho bonyeza umri," nikamwambia, "halafu usahau."

Alifaulu. Wenzake wakaja nyumbani kumpongeza, wakanizunguka na mimi, asante mama, asante sana. Kumbe binti alikuwa amewaambia wote kwamba mama yake, muuguzi wa miaka mingi, amesema ni umri. Msichana mmoja akanishika mkono kwa furaha: "Mimi nilikuwa na mashaka na ile video, mama. Lakini kama ni wewe umesema, basi."