Mama mkwe anasema ukumbini, mkwe anasikiliza dirishani

Jua la Kewanja, kijiji cha machimbo ya dhahabu karibu na mpaka wa Kenya, halijaanza kuchoma, lakini Felistas Akinyi ameshajipanga kwenye gunia lake, miguu ameinyoosha, jiwe pana liko mbele yake. Anaweka kokoto juu ya jiwe hilo, anapiga nyundo, anazoa vipande na kuvitia ndooni. Vumbi limempaka mvi kichwa kizima, ingawa na zake mwenyewe zipo za kutosha.

Mjane huyu wa miaka hamsini na minne huponda mawe ya wachimbaji wadogo kabla hayajapelekwa kwenye karasha, ile mashine inayoyasaga yawe unga. Siku nzuri huondoka na shilingi elfu sita.

"Siku mbaya naondoka na kikohozi," anasema, na kuendelea kuponda.

Hiyo ni Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili Felistas ni msemaji, tena msemaji hasa.

Baada ya ibada, wakazi hukusanyika kwenye ukumbi mdogo wa kanisa. Mwenye wazo la kuwafaa wenzake husimama mbele na kulisema. Anayejua Kikurya tu hutafsiriwa, wa Kijaluo vilevile. Mwenyekiti wao, Mzee Nyamhanga, ana sheria moja: msemaji hakatizwi. Ni katika ukumbi huo ndipo ulipozaliwa mfuko wa kuwasafirisha kwao wachimbaji wa mbali wanaofia mashimoni, maana zamani walizikwa hapohapo bila ndugu.

Wazo la Felistas lilihusu maji. Chini ya mtaa wao kuna chemchemi ambayo kila nyumba huchota. Juu yake, mwenye karasha mmoja alikuwa amechimba mashimo mawili ya kuoshea unga wa mawe, na dhahabu hukamatwa humo kwa zebaki. Mvua ikinyesha, tope huteremka moja kwa moja hadi kwenye ndoo za watu. Felistas alitaka mashimo yale yahamishiwe ng'ambo ya bonde.

Wazo jema, ila mwenye karasha ni Orwa, mume wa binti yake Sheila.

Katika familia nyingi za Wajaluo, mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wapo waliolegeza siku hizi. Familia ya Felistas, ambayo nusu yake iko Migori upande wa Kenya, haijalegeza hata kidogo.

"Maro ni mtu wa kuheshimiwa," anasema Felistas, akitumia neno la Kijaluo la mama mkwe. "Mkwe wangu akipita njia hii, mimi nashika ile. Siyo ugomvi. Ndiyo kupendana kwetu."

Jumapili aliyosimama kulisema wazo hilo, Orwa alikuwa amekaa mstari wa mbele na vijana wake wa kazi. Hakujua nani angesema. Mzee Nyamhanga alipomwita Felistas, naye akaingia kutoka uani, bila kujua mkwewe yumo, huku ameshaanza kutaja mashimo, Orwa aliinama, akasimama na kutoka nje harakaharaka. Alifanya vile alivyofundishwa tangu ujana.

Vijana wake walitazamana. Karibu wote wametoka mbali, Shinyanga, Geita na Kagera. Waliona tajiri wao amekasirika na kususa, nao wakainuka wote wakamfuata. Upande wa mbele ukabaki viti vitupu.

Mmoja wao, Maduhu, bado anaona aibu.

"Hata kwetu Usukumani mkwe ana heshima zake," anasema. "Lakini sisi tungejuaje kwamba yule mama ni mkwewe? Hatujawahi kuwaona wamesimama pamoja."

Ndivyo ilivyo. Heshima ilikuwa imewaficha vizuri mno.

Kufikia jioni habari ilikuwa imeshaenea machimboni kwamba Orwa amemkataa mama wa maji, na kwamba anayesema habari za chemchemi anataka kufunga kazi za watu. Wachimbaji wakaacha kumpelekea Felistas mawe. Alikuja na nyundo yake asubuhi, akaketi, akarudi nayo nyumbani haijagusa kitu.

"Niliumia," anasema. "Siyo kwa sababu ya mawe. Niliumia kwamba wameacha kuniita mama."

Inasikitisha zaidi kwamba mtu wa kulimaliza jambo lile, Orwa mwenyewe, alikuwa jirani tu. Lakini Orwa asingeweza kwenda kwa mama mkwe wake kujieleza, wala mama asingeweza kumfuata karashani. Sheila, ambaye angewasemea wote wawili, alikuwa Migori akimuuguza shangazi. Aliporudi na kusikia, alimaliza maneno kabla hajatua mzigo: alimweleza mumewe kwamba vijana wake walidhani amesusa, na kwamba mama hapelekewi tena mawe.

Jumapili iliyofuata Orwa alitangulia ukumbini mapema, Felistas hajafika.

"Nilitoka kwa heshima, nyinyi mkaenda kumnyima mama yangu kazi," aliwaambia vijana wake. "Leo mtakaa ndani. Mimi nitakuwa nje."

Akabeba benchi, akaliweka chini ya dirisha, akaupa ukumbi mgongo. Felistas akaja, akasema maneno yake yote kuhusu maji. Kila Orwa alipokuwa na swali, Maduhu alitoa kichwa dirishani kumsikiliza, kisha akageukia ukumbi: "Tajiri anauliza, huko ng'ambo maji ya kuoshea yatafikaje?" Felistas akajibu akitazama ukuta. Watu walicheka hadi Mzee Nyamhanga naye akasahau sheria yake.

Leo wasemaji wengine wenye wakwe humo ukumbini hufuata utaratibu huo, na benchi la nje lina wateja wake. Mawe ya Felistas yamerudi. Shimo la kwanza la Orwa limeshafukiwa na jipya limechimbwa ng'ambo. La pili bado linatumika.

"Bomba la kufikisha maji kule halijatosha," Orwa alimweleza mwandishi karashani kwake. "Shimo nitalihamisha. Naomba subira."

Felistas hana subira nyingi. Wingu limeanza kukaa juu ya vilima kila alasiri, na wajukuu zake, ambao ni watoto wa Orwa, wanakunywa maji ya chemchemi ileile.

Alipoulizwa angependa kumwambia nini mkwe wake, aliweka nyundo chini.

"Wewe si unaandika gazetini, mwanangu? Basi andika. Andika kwamba Felistas anamshukuru Orwa kwa shimo la kwanza. Andika na la pili, kwamba liko palepale na mvua inakuja." Akafuta vumbi usoni kwa khanga. "Mimi akiniona anatoka nje. Gazeti atakaa nalo."