Gari Lililopita Ukutani

Mpaka leo nikipita jirani na mashine ya kukoboa mpunga, harufu ya pumba zilizopata moto hunisimamisha. Wengi hapa Ifakara wameshaizoea, hawaisikii tena. Mimi hunikumbusha gemu moja bovu kuliko yote niliyowahi kucheza.

Mjomba Longino alituletea kutoka Dar mashine ya gemu iliyotumika, ikiwa na gemu moja tu, la mashindano ya magari. Sebule yetu ya Mlabani ilikuwa imejaa magunia ya mpunga, kwa hiyo mashine ikakaa juu ya magunia. Gemu lenyewe, ndugu zangu, lilikuwa vituko. Ukikata kulia, gari lilifikiri kwanza. Miti ilielea hewani. Watoto wa jirani walicheza siku moja, wakasema, "Hili gemu lina malaria," wakarudi kwenye mpira wao.

Mimi nilibaki. Nilikuwa darasa la nne, mtoto wa kuficha mkono chini ya dawati hata jibu nikilijua, na gemu lile halikunicheka.

Alasiri moja nilicheza mpaka mashine ikawa ya moto. Kona ya tatu ikanishinda, nikagonga ukuta. Gari halikulipuka. Lilipita. Muziki ukakatika, na mbele yangu ukatokea uwanda wa kijani usio na mwisho, kama bonde letu mpunga ukiwa mchanga, ila hapakuwa na mtu, wala ndege, wala njia. Niliogopa hata kupumua.

Nilimwambia dada yangu Resti. "Muongo wewe!" Jioni ileile mjomba akasema kesho baada ya misa ataifungua mashine aisafishe, maana inaumwa. Ikipona, nani ataniamini?

Asubuhi, Resti akijipaka mafuta, nilimshika gauni nikamvuta mpaka kwenye magunia. Sikuwahi kumvuta mtu. Nikagonga ukuta, gari likalipuka. Nikarudia, likalipuka tena.

"Unaona sasa?"

"Subiri ipate moto, dada. Nakuomba."

Mama akaita kutoka uani, "Nyie! Kengele ya pili hiyo!" Resti akainuka aondoke, na gari likapita.

Akakaa polepole. "Mdogo wangu, hapa ni wapi?"

Nikasogeza gari mbele kidogo. Akaninong'oneza, "Geuza, tuangalie tulikotoka." Nikageuza. Tukaiona barabara ya mashindano kwa nyuma, ikiwa ndogo, na mashabiki wote wembamba kama karatasi, hawana migongo.

Mama alipotukuta, Resti alimwambia tulikuwa njiani. "Njia gani, na miguu peku?" Misa nzima tuliisikilizia mlangoni. Mchana mjomba aliifungua mashine, pumba zikamwagika kikombe kizima. Kuanzia hapo ukuta ukawa ukuta.

Kwa miaka mingi niliamini waliotengeneza gemu walipaficha mahali pale kwa ajili ya mchezaji mvumilivu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyepaficha. Waliiacha kazi kabla haijaisha, vumbi la mpunga wetu likafanya yaliyobaki. Hata wao hawajawahi kufika kule.

Resti ameolewa Kiberege na magemu hataki hata kuyasikia. Lakini naye anajua. Duniani kote, wenyeji wa pale ni sisi wawili.